Ulikuwa Umeshika Nini?

Vijana wa chumba cha macho, mmenisumbua tangu siku ya kuagwa niandike kumbukumbu zangu za kazi. Mngejua mnachokiomba mngeniacha nikalime mpunga wangu Kahama kwa amani. Mimi sina visa vya kuchekesha watu penye soda na biskuti. Nina hasira. Nimefanya kazi nayo, nimestaafu nayo, na mke wangu analalamika kwamba nimeileta nyumbani pamoja na sanduku la nguo. Basi nitaiandika. Habari za vyeo na mishahara tafuteni kwa wengine. Waliopanda vyeo wapo na wanapenda kusimulia.

Niliingia hospitali ya Shinyanga wakati vita vikuu vya pili vinaelekea kwisha. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, najua kusoma, kuandika na kufunga bendeji, na nilijiona daktari mzima. Wakanikabidhi kwa dresa wa macho, yaani msaidizi wa daktari wa kusafisha na kufunga vidonda, Mzee Idi, Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, mkavu wa maneno, kofia yake ya kushonwa kwa mkono haikumtoka kichwani hata kwenye joto la Oktoba. Siku ya kwanza hakuniruhusu kumgusa mgonjwa. Alinipa njiti ya kiberiti na kioo cha kunyolea, akasema nigeuze kope langu mwenyewe, la juu, ndani liwe nje. Niligeuza mpaka machozi yakalowesha kola. Siku ya tatu akanikalia kwenye kiti nigeuze la kwake. Tangu hapo kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikia marahaba alishakuwa amenitolea kope nilifanyie mazoezi.

Vifaa vyetu vyote vilienea kwenye sahani moja ya bati. Kioo cha kukuzia kilichovunjika mpini, tukakifunga kwa uzi. Tochi. Pamba. Chupa ya matone ya rangi ya machungwa: ukitia tone moja kwenye jicho lililokwaruzwa, mkwaruzo unang'aa kijani na huwezi kuukosa. Na kitanzi cha singa ya mkia wa ng'ombe, ambacho Mzee Idi alifundishwa na wachunga ng'ombe wa Kisukuma, cha kutolea kibanzi kilichojificha chini ya kope. Daktari mmoja mgeni alikiona kitanzi hicho akasema ni ushenzi, kitupwe. Wiki ile ile mkewe akaingiwa na mchanga jichoni, na mnajua wenyewe alikuja kwa nani na akatolewa kwa nini. Hatukupewa asante, ila habari ya kutupa kitanzi haikusikika tena.

Jambo kubwa nililolipata kwa Mzee Idi halikuwa kifaa. Lilikuwa swali. Mgonjwa akikaa, mimi nilikuwa na haraka ya kumwuliza jicho limefanya nini. Mzee Idi alinikatiza siku moja mbele ya watu, nikaona aibu.

"Ukimwuliza hivyo atakwambia linauma," alisema. "Hilo unaliona. Mwulize alikuwa ameshika nini lilipoanza kuuma."

Nilidhani ni uzee. Kisha akaletwa mama mmoja aliyekwisha kutibiwa ugonjwa wa vikope kwa miezi, kope zimevimba, amechoka na dawa. Mzee Idi akamwuliza alikuwa ameshika nini siku ya kwanza. Ungo, alisema, alikuwa anapepeta mtama. Kope likageuzwa, na kapi la mtama likaonekana limejikunja pale ndani limetulia. Tangu siku ile sikumkaribia mgonjwa bila swali hilo, na mkitaka kujua kazi yangu yote ilikuwa nini, ilikuwa hiyo tu, kuwauliza watu mikono yao ilikuwa na nini.

Miaka ya arobaini ilipokuwa ukingoni nilihamishiwa zahanati ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Sitautaja, ulishafungwa. Zahanati ilikuwa chumba cha bati juu, bati pembeni, na jua likipanda ilibidi chupa za matone nizitumbukize kwenye mtungi wa maji ya kunywa zisichemke. Macho yalikuwa mengi kuliko nilivyoyaona Shinyanga: vumbi la mawe, moshi wa baruti, na zaidi ya yote vyuma. Kutoboa mwamba ilikuwa kazi ya watu wawili wawili. Mmoja anaushika mtaimbo na kuuzungusha, mwenzake anaugonga kwa nyundo. Kichwa cha mtaimbo kikigongwa siku nyingi kinachanua pembeni kama uyoga, na ule ukingo uliochanua unameguka na kuruka. Mitaimbo ilitakiwa ipelekwe kwa mhunzi kila wiki ikakatwe vichwa. Ilitakiwa. Lakini mnyapara alihesabu mawe yaliyotoka shimoni, hakuhesabu vichwa vya mitaimbo.

Sasa nisikilizeni vizuri habari ya fomu. Dakta wa mgodi alikuwa Mzungu aliyekuja Jumanne na Ijumaa tu. Siku nyingine zahanati ilikuwa yangu, na kila aliyekuja na jicho nilipaswa kumjazia fomu, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Swali la kwanza la fomu lilikuwa: Je, mgonjwa ametiwa dawa ya kienyeji? Ukiandika hapana, unaendelea na maswali ya kazi, mahali, chombo na saa. Ukiandika ndiyo, unayaruka yote hayo mpaka mstari wa chini kabisa wa sababu, nao ulishapigwa chapa tayari: dawa ya kienyeji. Na mtu wa ndiyo hapandi gari la mgodi kwenda hospitali kubwa. Anapewa matone, anarudi kazini au anarudi kwao. Aliyeitunga fomu ile hakuwa mjinga, msidanganyike. Alijua alichokuwa anakitafuta na alikiweka juu.

Na sisi Wasukuma tulimrahisishia kazi. Kwetu mtu akiumia akalala nyumbani, hawezi kusema mbele ya watu kwamba hakufanyiwa chochote. Akisema hivyo amemtangaza mkewe kuwa hana huruma, na maneno yatafika kwa wakwe kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo hata yule aliyemwagiwa maji ya kisima tu, ukimwuliza kama alitiwa dawa, anasema ndiyo, nilitiwa, nilihudumiwa vizuri. Anamsifu mkewe. Mimi ni Msukuma, nililijua hilo kama ninavyojua njia ya kwetu, na bado nilikuwa naandika ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa mwandiko mzuri wa misheni, kwa sababu fomu ilitaka neno moja na kulikuwa na foleni mlangoni.

Masanja alikuwa mshika mtaimbo. Mtu mrefu, kwao upande wa Rwamgasa, mwenye mdomo wa utani. Akinikuta na njiti ya kiberiti mkononi alinipa pole kwa kazi nzito. Alikaa kambini na mkewe, Mama Kulwa, na mapacha wao, Kulwa na Doto, waliokuwa bado wananyonya. Jumatatu moja asubuhi akaingia, akanisalimia mwangaluka, akakaa bila utani. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu kidogo tu. Mtu asiyejua angempa matone akamwambia nenda. Nilichukua kioo cha kukuzia nikaona tundu dogo pembeni mwa kioo cha jicho, kama pamechomwa na ncha ya sindano, na mboni badala ya kuwa duara imevutwa upande ule wa tundu. Nikamwuliza alikuwa ameshika nini. Mtaimbo, alisema. Mwenzake aligonga, akahisi kitu kama kuumwa na sungusungu, basi, akaendelea na kazi mpaka zamu ikaisha.

Nilijua. Naapa nilijua pale pale kwamba chuma kimetoboa na kimo ndani. Kisha nikavuta fomu, kalamu mkononi, nikamwuliza swali la kwanza. Akasema ndiyo, Mama Kulwa alimkamulia maziwa yake jichoni, na yakamtuliza sana. Nikaandika ndiyo. Nilijiambia nitamweleza dakta kwa mdomo kesho yake. Hapo ndipo nilipokosea, na sikukosea kwa kutojua. Nilikosea kwa utii.

Jumanne dakta akaisoma fomu. Jicho hakulisoma. Alilifunua kwa kidole gumba, akaliachia, akasema dawa ya kienyeji. Nikamwambia, bwana dakta, kuna tundu, na mboni imevutwa. Akaniambia mimi ni dresa, nifungue mlango niingize mwingine. Kisha akamwona Mama Kulwa amesimama nje na mapacha wake, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, akaagiza aitwe. Akanituma nimwambie kwamba maziwa yake ndiyo yameharibu jicho la mumewe, na asirudie upumbavu huo.

Nikatafsiri. Jamani, nilitafsiri neno kwa neno, kwa Kisukuma safi, nikimwita mayu, mama, kwa heshima. Upumbavu tu ndio nilioupunguza makali. Mama Kulwa alitazama chini, akaniuliza jambo moja: ni maziwa yenyewe yaliyoharibu, au ni mkono wake haukuwa safi? Dakta alishapita kwa mgonjwa mwingine. Nikamjibu kwamba ni maziwa, ndivyo alivyosema dakta. Akainama, akaondoka. Siku mbili baadaye nikasikia amewachukua watoto amerudi kwa mama mkwe wake kijijini. Nilidhani anaona haya ya majirani.

Masanja alirudi shimoni na chupa ya matone. Wiki ya kwanza alisema nafuu. Wiki ya pili alianza kuja kwangu amefunika uso kwa kitambaa, mwanga unamchoma, maumivu yamepanda mpaka kisogoni, na jicho halioni tena kitu isipokuwa weupe wa mlango. Hapo nilianza kuogopa, na sikuogopea jicho lile bovu. Mzee Idi alinifundisha hivi, nanyi mmefundishwa hivyo hivyo vitabuni: jicho lililotobolewa likiachwa linaungua ndani, baada ya wiki mbili tatu laweza kuliambukiza jicho zima la upande wa pili, na likishaanza hakuna wa kulizuia. Njia ni moja, kulitoa lile bovu mapema. Masanja alikuwa na jicho moja zima, la kulia, na siku zake zilikuwa zinahesabika.

Ijumaa nikasimama mbele ya dakta. Nilimwomba gari la mgodi, Masanja apelekwe hospitali ya ziwani akatolewe jicho. Nilimweleza mambo ya jicho la pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima. Kisha akafungua jalada, akatoa ile fomu, akaigeuza inielekee.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

Nikasema ni wangu.

"Umeandika nini?"

Nikasema nimeandika ndiyo. Akaifunga, akavaa kofia yake akaenda zake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo hata kidogo. Alinisomea neno langu.

Nilitoka hapo nikaenda kwa mhunzi. Nilimwomba anionyeshe mtaimbo wa zamu ya Masanja, tukautafuta kwenye rundo la ile iliyosubiri kukatwa. Kichwa chake kilikuwa kimechanua, cheusi pande zote kwa moshi na kutu, isipokuwa mahali pamoja palipomeguka kidogo, pasafi, pakimetameta. Nikamwomba mhunzi asiukate. Akaniuliza nautakia nini, nikamwambia huu nao ni mgonjwa wangu. Niliuweka chini ya benchi la zahanati. Mtaimbo una uzito, na siku ile niliubeba mbele ya mnyapara aone.

Wiki ya tatu akaja mtafiti. Alikuwa daktari wa macho, mama wa Kizungu wa makamo, tulimwita Bibi Daktari, anazunguka nchi zote za kando ya ziwa kuchunguza kwa nini watu wanapofuka. Alikuwa na lori, hema jeusi la kufanya giza, na kile chombo chenye taa cha kuchungulia mpaka ndani kabisa ya jicho, ambacho nilikuwa sijawahi kukiona ila kwa kuhadithiwa na Mzee Idi. Alikuwa mpole, mwenye subira, anawashika wagonjwa uso kwa mikono miwili kama anashika mayai. Kiswahili alikijua cha vitabuni. Kisukuma hakukijua, na mkalimani nikawa mimi. Dakta wa mgodi alikaa kando yake na jalada la fomu.

Masanja alipokaa, Bibi Daktari akatazama orodha yake ya maswali. Swali lake la kwanza, msiniulize kwa nini, lilikuwa ndugu wa lile la fomu. Akasema nimwulize mgonjwa ametia dawa gani.

Nikageuka nikamwambia Masanja kwa Kisukuma, "Masanja, ulikuwa umeshika nini?"

Akaeleza yote: mtaimbo, nyundo, ile ya kuumwa na sungusungu, mpaka na jina la aliyegonga. Nikatafsiri yote bila kupunguza. Bibi Daktari akainua kalamu, akaniambia hakuuliza hivyo. Nikasema najua. Nikainama chini ya benchi, nikautoa mtaimbo, nikauweka juu ya meza yake juu ya makaratasi, nikamwonyesha palipomeguka. Dakta wa mgodi akasimama. Bibi Daktari akamwinulia mkono akae, akamchukua Masanja hemani, wakakaa humo muda mrefu hata watu kwenye foleni wakaanza kunong'ona.

Alipotoka alisema, "Kuna chuma ndani. Jicho hili limekwisha. Litolewe wiki hii, ama atapoteza yote mawili."

Mngemwona dakta wa mgodi alivyokuwa mwekundu. Na bado, bado jamani, alisema gari si la watu wa ndiyo, utaratibu ni utaratibu, aandikiwe barua makao makuu. Bibi Daktari naye njia yake ilikuwa inaelekea Biharamulo, kinyume na ziwa. Aliandika barua ya kumpokea Masanja hospitalini, akaipiga mhuri, akanipa mkononi. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote.

Lakini kabla hajaondoka nilimwona anapakia lorini sanduku la nakala za fomu zetu, za miaka yote. Nikamfuata. Nilimwambia fomu zile zinadanganya, nilizijaza mimi, nikamweleza habari za wake na wakwe na aibu. Alisikia, akafikiri kweli. Akasema, "Kwa huyu nakuamini, nimemwona. Kwa wale wengine sina kitu ila fomu, na fomu zinasema ndiyo." Utafiti wake ndio uliozaa ile chati ya ukutani mliyoletewa, mama anakamua ziwa juu ya jicho la mtu, amepigwa msalaba mwekundu. Mliniuliza nani aliibandua. Ni mimi, na mkileta nyingine nitakuja na mkongojo wangu niibandue tena. Hakuna picha ya mtaimbo kwenye chati ile. Tafuteni mpaka mchoke.

Kazi ikawa kumshawishi Masanja. Nilidhani amekwisha kukubali, kumbe alikuwa kimya kwa adabu mbele ya wageni. Tulipobaki wawili alinikatalia katakata.

"Bado naona weupe wa mlango," alisema. "Nani anang'oa jicho linaloona mlango?"

"Lile jingine linaona wanao," nilimjibu. "Ukingoja, hutaona mlango wala Kulwa wala Doto."

Alikaa akigeuza kofia yake mikononi. Kisha akasema twende, lakini nisimwache peke yake kwa watu wa visu.

Basi sikumwacha. Sikuomba ruhusa, maana nilijua jibu lake. Nilifunga zahanati, nikaacha ufunguo kwa mhunzi, tukadandia lori la pamba lililokuwa linakwenda ziwani, tukakaa juu ya marobota, Masanja amefunikwa uso kwa shuka, mimi nimeshika barua kifuani isipeperuke. Kila lori lilipotumbukia shimoni alishika kichwa. Aliniuliza mara mbili kama jicho la kulia limeanza, na mara mbili nilimwangalia nikamwambia bado, huku sina uhakika.

Hospitalini waliisoma barua na kumpokea siku ile ile. Walimtoa jicho kesho yake, nami nilikuwepo. Daktari alilipasua baadaye kwenye bakuli, akakitafuta kwa sumaku, nacho kikaja: kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya ulezi. Aliniwekea kiganjani nikione. Nilitaka kukichukua nikakitie kwenye uji wa yule dakta wetu, lakini kilitiwa kichupani kikaandikwa namba.

Masanja alibaki kule wiki nyingi. Kila siku walilichungulia jicho la kulia, maana hatari haiishi siku ya kutoa. Mimi nilirudi mgodini, nikakaripiwa mbele ya watu, nikaondolewa kwenye macho nikawekwa kuosha chupa na kuchemsha sindano. Sikujali. Kila dereva wa pamba aliyepita nilimwuliza habari za mgonjwa wangu, na kila mara jibu lilikuwa jicho safi. Siku aliporudi, miezi miwili na zaidi ilikuwa imepita. Alisimama mlangoni pa zahanati akaniangalia juu mpaka chini kwa jicho lake zima, akasema kumbe mimi ni mbaya hivi, angejua asingekubali kutibiwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikaomba siku moja ya mapumziko nimsindikize kwao.

Tulitembea tangu asubuhi. Nakiri kwamba njia nzima nilikuwa najisifu moyoni. Nilikuwa nimewashinda.

Mama Kulwa alitupokea kwa kupiga magoti, akamshika mumewe uso, akalia kidogo, akaingia jikoni. Kulwa alikuwa anatambaa uani, mwembamba, tumbo mbele. Doto alikuwa begani kwa bibi yake, ameuficha uso shingoni mwake, na kila bibi alipogeukia jua mtoto alilia. Bibi akatueleza kuwa surua ilipita kijijini, wote wawili waliugua. Mama Kulwa akaja na bakuli la uji mweupe wa muhogo, mwepesi, akaanza kuwanywesha. Nikaona kifua chake kimefungwa kwa kipande cha kaniki, kimekazwa sana.

Nikamwuliza hawanyonyi?

"Niliwaachisha Jumanne ile ile," alisema, tena bila lawama, kama mtu anayejibu swali la fomu. "Maziwa yangu yanaharibu macho. Si wewe uliniambia? Nikasema, kama yamemharibu mtu mzima, watoto wangu nitawafanya nini."

Nikamchukua Doto nikamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Hakuna kioo cha kukuzia kilichohitajika. Ninyi mmeyaona macho yale, ya mtoto aliyekosa ziwa akanyweshwa uji mtupu kisha surua ikamkuta: hayana mng'ao, makavu, na katikati pameshalainika pakawa peupe. Yote mawili. Dawa yake ilikuwa kifuani mwa mama yake siku zote hizo, imefungwa kwa kaniki. Kulwa yake yalikuwa yanaanza tu. Nilikimbilia zahanati nikarudi na mafuta ya ini la samaki, na Kulwa anaona mpaka leo. Doto haoni.

Masanja aliniangalia kwa lile jicho tulilolipigania.

Jumanne iliyofuata nilimpeleka Doto kwa dakta, nikamjazia fomu mwenyewe, kwa mwandiko ule ule wa misheni. Kwenye swali la kwanza niliandika hapana. Nikajibu maswali yote. Kwenye mstari wa sababu nilikata yale maneno ya chapa, nikaandika jina langu, Petro Lutonja, dresa. Dakta aliisoma, akanitazama, akachukua wino mwekundu, akafuta jina langu, na juu yake akaandika dawa ya kienyeji.